Sauti ya Mama wa Kuluba

Kazi yangu hapa Arua ilikuwa kupokea simu na ujumbe wa wateja walionunua mashine zetu za kupukuchua mahindi. Mafundi waliozitengeneza walikuwa ng'ambo ya ua, hatua chache tu kutoka mezani kwangu, lakini meneja wangu alikuwa na sheria yake: mazungumzo ya wateja hayatoki nje ya idara.

Kisha mama mmoja, mkulima wa Kuluba, kule Koboko, akanitumia ujumbe wa sauti.

"Dada, hii mashine yenu iko naruka. Kifuniko natoka, chuma narushwa. Leo imepita karibu na sura yangu. Munangoja mutu afe ndiyo mukuje?"

Hakuwa wa kwanza kulalamikia kifuniko hicho. Mara tatu nilikuwa nimempelekea meneja muhtasari, na mara tatu mafundi walijibu kupitia kwake kwamba wateja hawajui kutumia mashine. Katika muhtasari wangu hofu ya watu ilikuwa imepotea.

Nikampigia yule mama.

"Mama, unaniruhusu niwasikilizishe mafundi? Jina lako sitalitaja."

"Sikilizisha hata ile mukubwa yenu!"

Saa ya chakula nikavuka ua. Mafundi walikuwa wanakula enyasa, ugali wetu wa huku, huku wakibishana juu ya mpira wa timu ya Onduparaka. Niliweka simu katikati ya sahani zao, nikabonyeza. Sauti ilipoisha, hakuna aliyekuwa anatafuna.

"Rudia," fundi mkuu akasema.

Nikarudia.

Meneja aliniita kabla sijafika mezani kwangu.

"Nani amekuruhusu?"

"Mwenye sauti."

Akaniandikia barua ya onyo. Nilitia sahihi kwamba nimeipokea, na chini yake nikaandika kwa mkono wangu: Mambo yakiwa hivi tena, nitafanya hivi tena.

Kesho yake fundi mkuu alikwenda Koboko. Alirudi na kifuniko kile, komeo lake limelegea kama jino la mtoto. Kosa lilikuwa letu. Wakaanza kubadilisha komeo kwenye kila mashine tuliyouza, wakianzia kwa yule mama.

Meneja alinisimamisha mlangoni.

"Ungeniambia kwanza."

"Nilikuambia mara tatu, bosi."

Ijumaa hiyo nikavuka ua tena, nina ujumbe mwingine, wa mteja wa Omugo. Safari hii mafundi walikuwa wameshaniwekea kiti.