Kitako Kilichosubiri Tyubu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa randa, nilipewa mchi. Karakana yetu ya ushirika pale Musoma ilitengeneza masanduku ya redio na vitako vya kuwekea gramafoni, na Fundi Mkuu alikuwa na sharti lake. Kila kitako kilichokamilika kiliwekwa sakafuni, juu yake glasi ya maji, kisha mtu akatwanga kinu kitupu pembeni. Maji yakitikisika, kazi inarudi mezani.

"Kitu cha kutikisika hakitokagi hapa, dada," aliniambia.

Basi nikatwanga hewa, na majirani wakadhani tunakula kisamvu kila siku.

Mjue, vijana, sindano ya gramafoni husoma mifereji ya sahani ya santuri, lakini haijui kutofautisha mtikisiko wa wimbo na mtikisiko wa sakafu. Kazi ya kitako ni kuumeza huo wa sakafu kabla haujaifikia.

Enzi zile za foleni za sabuni alikuja Mzee Magesa kutoka Butiama. Jirani yake alikuwa na mashine ya kusaga, na iliponguruma, sindano iliruka. Mzee alikuwa na sahani moja tu, ya kwaya ya akina mama, na sauti iliyoanzisha kila ubeti ilikuwa ya marehemu mkewe. Picha yake hakuwa nayo hata moja. Fundi Mkuu akanikabidhi kazi hiyo.

Nilianza na ubao wa mninga. Ni mzito, lakini mti mgumu peke yake hupitisha kishindo. Nikatandika pamba ya Bunda chini yake. Ikashindiliwa upande mmoja, kitako kikainama. Sponji ya godoro ikakifanya kiyumbe kama mtumbwi. Mwisho nilichekecha mchanga wa Mugango, nikaukausha juani, nikaujaza kwenye sanduku la mninga. Mchanga ukameza karibu kila kitu. Ndani ya glasi kulibaki duara dogo la kuhesabika kama si kitu.

Nilimsihi Fundi Mkuu tumpe mzee hicho, tukimtafutia kilicho bora. Akasema haraka haraka haina baraka. Alitaka tutandike kwanza vipande vya tyubu ya lori chini ya sanduku. Alikuwa sahihi kuhusu mpira. Lakini nani angetupa tyubu miaka ile? Madereva waliziba kiraka juu ya kiraka. Mzee akawa anakuja, anauliza, anarudi Butiama mikono mitupu.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Bunda, nikaenda na kitako cha mzee. Biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, na tyubu nikaipata mtaani Manyamanyama bila hata kuomba. Fundi Mkuu alikuwa ameshastaafu, lakini kinu nilitwanga. Maji yakatulia kabisa. Nikapanda basi la Butiama na kitako changu mapajani, nimejaa furaha.

Mzee alinikaribisha kiti. Akaeleza kwamba mwanawe alikuja na redio kaseti, akaurekodi ule wimbo mchana, mashine ikisaga, maana alikuwa na haraka ya kurudi Mwanza. Sahani ikaachwa dirishani, jua likaikunja. Akanibonyezea kaseti. Marehemu akaanzisha ubeti wa pili, sauti nzuri kweli, mara ikaruka katikati ya neno, na nyuma yake mashine inasaga.

Mzee hakukasirika. Aliuliza tu, "Hivi, mwanangu, hicho kitako mlikuwaga mnanitengenezea mimi, au mnakitengenezea kinu?"

Nikamkabidhi. Alikipokea, akaweka redio kaseti juu yake, ambayo haikukihitaji.

Karakana ilifungwa, nikamalizia kazi kwa kuchonga vitanda. Watu husifu umakini wa mafundi wa zamani, nami nausifu. Ila inaniuma. Kile cha mchanga kingemtosha mzee, tena kingemtosha miaka mingi. Siku hizi wakiuimba wimbo ule kanisani, naimba vizuri mpaka ubeti wa pili. Pale katikati ya neno, sauti yangu inakatika.