Sauti ya Dada Yangu kwenye Kanda ya Zahanati

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, hutunza kompyuta za zahanati. Kila jioni hunakili faili za wagonjwa kwenye kanda, ili kompyuta ikifa, habari zao zisife nayo. Wenzake humwita Bi Kanda. Anaishi peke yake, na mimi mguu wangu hautulii. Hupita kwake nikikumbuka.

Safari hii nilimfuata kazini.

"Mjomba! Umepotea njia, au huko umefukuzwa?"

"Nimemkumbuka mama yako. Niwekee ile sauti nimsikie."

Dada yangu alipokaribia kwenda, alituachia maneno kwenye simu ya binti yake. Simu ilipoanza kuzeeka, binti akayahamishia kwenye kanda, mwishoni, baada ya faili za wagonjwa.

Akaichomeka. Mashine ikavuma, majina ya faili yakapita, ikasimama. Sauti haikuwamo.

Akayapitia majina upya, kisha akanigeukia.

"Mashine hii ina majina mawili, mjomba. Ukiiita kwa hili, ikimaliza inairudisha kanda mwanzo. Kwa lile, inakaa palepale. Jana niliiita kwa hili la kurudisha. Leo asubuhi nimeongeza faili chache nikijua niko mwishoni, kumbe niko mwanzoni, nikaandika juu ya za zamani."

"Si una nakala nyingine?"

"Za wagonjwa ziko mbilimbili. Ya mama ilikuwa moja."

Sauti huenda bado imelala huko mbele, alisema, ila mashine ikikuta alama ya mwisho iliyoandikwa asubuhi haivuki. Wapo mafundi wa kuivusha, mbali, mradi kanda isiandikwe tena. Na kanda ya kunakilia jioni hii ilikuwa hiyohiyo. Nyingine zote zilibeba nakala za kutunzwa.

"Basi leo usiandike, mwanangu. Siku moja tu, nani atajua?"

"Kompyuta nayo hufa siku moja tu, mjomba."

Akaandika. Nilitazama pembeni, kama mtu anayeona kaburi likifukiwa. Alipomaliza hakuondoka, akaisoma kanda upya kuhakikisha imeshika, jina kwa jina, macho yamejaa. Ilikuwa imeshika.

Akazima taa ya meza.

"Mjomba, pale mwisho mama alisemaje?"

"Alisema tusiache kutembeleana."

"Hapana. Alisema nisikuache utangetange."

Nikabisha, naye akabisha. Hakuna tena wa kutuamulia.