Mwenzako Hajamaliza

Mwalimu wetu wa fasihi ana sauti ndogo, hata wanafunzi wa nyuma husogeza viti mbele bila kuambiwa. Vitabu vyake ni nakala alizozishona mwenyewe kwa uzi wa viatu, na kabla ya kumpa mtu kimoja hukipangusa kwa kiganja kama anayemfuta mtoto uso. Wanafunzi wake ni walinzi, wafua nguo, akina mama waliorudi shule wakiwa na wajukuu. Chuo ni kidogo, na mkuu wa chuo alishatuambia: tukikosa ruzuku mwaka huu, fasihi inafutwa.

Siku mgeni wa mfuko wa ruzuku alipokuja kukagua, mimi karani ndiye niliyemwekea kiti. Mama mmoja mfua nguo alikuwa amesimama, akieleza kwa nini mke katika hadithi waliyokuwa wakiisoma hakurudi kwa mumewe. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida. Mgeni akamkatiza: "Na somo hili litakusaidia nini kazini?"

Mwalimu hakupandisha sauti. "Samahani, baba. Hapa tunanyoosha mkono. Mwenzako hajamaliza."

Mkuu wa chuo, aliyesimama mlangoni, akashika kichwa. Nikajisemea, leo tumekwisha. Mama akamalizia: "Hakurudi kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini."

Mgeni akanyoosha mkono, akangoja zamu yake.

Ruzuku tuliipata. Nilipompa mwalimu barua aliketi kwenye ngazi, akalia kidogo, kisha akainuka haraka. "Ngoja nikamwambie yule mama mwenyewe," akasema. "Hii kaileta yeye."