Lori Lililosomeka

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Kitui, niliingia shimoni. Shimo lenyewe lilikuwa la saruji, refu kama kaburi la watu kadhaa, na mkaguzi wa magari husimama ndani yake gari likiwa juu, atazame breki, springi na mabomba. Nilitaka kuwaonyesha wanaume wa kituo kile kwamba mwanamke haogopi grisi. Nikashuka na sketi yangu mpya, nikaanza kugonga vyuma kwa nyundo. Mkaguzi Mkuu wa kituo, mzee mpole aliyefunga miwani yake kwa waya, akainama akanichungulia.

"Wewe msichana, ukikutana na mtu unaanza kumwangalia matumbo?"

"La, mzee."

"Unaanza na nini?"

"Namsalimia. Halafu namuuliza jina."

"Basi na gari liko na jina. Toka huko, uanze na pleti ya nambari."

Nilitoka nikiwa na hasira, maana niliona amenipa kazi ya kitoto. Baadaye nilielewa kwamba hakuna kazi iliyoniletea matusi mengi kuliko hiyo. Ukilirudisha gari kwa sababu ya breki, mwenyewe hunyamaza, maana anajua. Ukilirudisha kwa sababu ya kibao cha nambari, anakuuliza kama umeolewa.

Nyinyi vijana mnaoingia kazini sasa mna vibao vipya vyenye alama za usalama, lakini mambo ya msingi hayajabadilika. Cha mbele ni cheupe, cha nyuma cha manjano, herufi ni nyeusi. Kikazwe kwa skrubu au ribiti, si kwa waya wala kamba ya gunia. Kisipindwe, kisikatwe, wala kisipakwe upya na yule fundi anayeandika majina ya hoteli. Cha nyuma kiwe na taa yake ndogo inayowaka pamoja na taa nyingine za gari. Kisha ulinganishe nambari ya kibao na kitabu cha gari, na kitabu na chasisi, yaani ile nambari iliyochongwa kwenye chuma chenyewe. Ukimaliza hayo, shuka shimoni.

Kitui ina vumbi jekundu linalojua kutafuta kibao. Na palipokosa vumbi, watu walijaza wenyewe. Niliwahi kulirudisha basi dogo la kanisa kwa sababu walibandika mstari wa Biblia juu ya herufi mbili za kwanza. Wazee wa kanisa walikuja watatu, wamevaa makoti juani.

"Madam, hilo ni Neno," mmoja akaniambia. "Neno haliwezi kuziba kitu."

Nikawaomba walipandishe Neno juu kidogo, kwenye kioo, lisomwe na watu wengi zaidi. Walikubali, ila Jumapili iliyofuata niliombewa hadharani nilainike moyo.

Hayo yalikuwa mepesi. Kilichonitatiza, na kinachonitatiza hadi leo, ni malori ya mbuzi.

Lori la mifugo lina mlango wa nyuma unaofunguka kwa chini na kulala, ukawa ngazi ya kupandia wanyama. Ukipigilia kibao kwenye mlango huo, kila siku ya soko kinakanyagwa na kwato mpaka kinakunjika. Ukikishusha chini ya bodi, mawe ya barabara ya Nuu yanakipiga na mkojo wa mbuzi unakimwagikia. Ukikipandisha juu, taa haikifikii. Nilimuuliza yule Mkaguzi Mkuu. Akasema kikae mlangoni, mwenye lori anyooshe kila wiki. Nilipohamishiwa Wote, kule Makueni, Afisa Msimamizi, mtu wa kunyoosha suruali hata siku za matope, akasema ni marufuku kibao kukaa kwenye kitu kinachofunguka. Nilipompelekea swali Mratibu wa eneo zima, akaniambia, "Madam, soma sheria." Nilikuwa nimeisoma. Ilisema kibao kionekane na kisomeke kwa urahisi. Kuhusu mbuzi ilinyamaza.

Kwa hiyo lori lile lile lilipita ukaguzi Kitui likaanguka Wote. Wenye malori walidhani nataka chai. Sikutaka chai, nilikuwa nimechanganyikiwa kama wao, ila mimi ndiye niliyevaa koti la kazi.

Niliporudishwa Kitui, safari hii nikiwa mkuu wa kituo, alikuja mfanyabiashara wa mifugo aliyeitwa Dahir. Familia yake ilitoka upande wa kaskazini-mashariki, lakini yeye alizaliwa Nuu na Kikamba chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Alinunua mbuzi huko, akawapitisha Kitui, Mutomo na Kibwezi hadi barabara kuu ya Mombasa. Lori ndilo lililokuwa mali yake yote. Nilipomrudisha mara ya pili kwa sababu ya kibao, hakutukana. Alikaa kwenye mkebe wa rangi akaniuliza, "Sasa mama, wewe ungekuwa ni mimi, ungeweka wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Tukalizunguka lile lori pamoja. Mwishowe nikamwonyesha nafasi kando ya taa ya nyuma, nje ya mlango. Achomelewe fremu ya chuma, iwe na ukingo wa kuzuia mawe, na taa yake yenyewe juu. Ilimgharimu. Welda wa Kwa Vonza aliifanya vizuri mno, na Dahir akaipenda kama mtu anavyopenda jino la dhahabu. Aliifuta kwa kitambaa kila aliposimama. Mimi nami nikajisifu. Nilikuwa nikiwaambia wenye malori wengine, nendeni mkaone lile la Dahir. Walikwenda, wakaona, wakacheka.

Kisha likaja tukio la Kambu, upande wa Makueni, kwenye barabara kuu ya Mombasa.

Ilikuwa magharibi, madereva ndio wanawasha taa. Kijana wa bodaboda aliyeitwa Mutua alikuwa akitoka kando ya barabara, akagongwa na lori la mifugo, akafa papo hapo. Malori yalikuwa yamefuatana, na hakuna lililosimama. Wauza machungwa walikimbilia barabarani wakajaribu kusoma nyuma. Mama mmoja aliwaambia polisi kweli tupu: "Zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa matope tupu. Hiyo moja ndiyo ilisomeka."

Dahir alikamatwa mbele kidogo, mbuzi wakiwa bado ndani. Akawekwa ndani, na lori likazuiliwa katika ua wa polisi.

Sheria inataka gari la ajali likaguliwe, na mkaguzi wa Makueni alikuwa likizo. Nikatumwa mimi. Nilipolipata, lile lori lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume, na kibao cha manjano kilinitazama katikati ya ua, safi, kila herufi mahali pake.

Nilipima breki, zilikuwa nzima. Usukani sawa, tairi sawa. Nikaja mbele, penye swali lenyewe. Bampa la lori la mbuzi limegongwa na kila kitu: mageti, miti, ng'ombe, malori mengine. Upande wa kushoto kulikuwa na mkwaruzo mwekundu. Pikipiki ya marehemu ilikuwa nyekundu. Udongo wa Nuu pia ni mwekundu, na geti la soko la mbuzi lilipakwa rangi nyekundu vilevile. Niliinama pale, nikakwangua kwa ukucha, nikanusa, nikaona aibu kwa kunusa.

Mkuu wa kituo cha polisi, yule tunayemwita OCS, alisimama nyuma yangu.

"Madam, ni yenyewe ama si yenyewe?"

"Siwezi kusema."

"Wewe ni mtaalamu. Andika ndiyo ama hapana."

"Nitaandika kwamba siwezi kusema."

Dahir aliletwa nje atie sahihi kwamba funguo za lori zimebaki kwa polisi. Alikuwa amekonda. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema tu, "Wallahi mama, sikusikia kitu. Mbuzi wakiwa ndani wanagonga, wanapiga kelele, mtu hawezi sikia kitu. Labda ni mimi. Labda si mimi. Lakini hao wawili wengine hakuna mtu anawauliza."

Niliandika nilichokiona. Wiki moja baadaye baba yake Mutua alinijia Kitui. Alikuwa mkulima wa ndengu, shemasi kanisani, mtu wa sauti ya chini. Alikaa, akakataa chai.

"Mwaitu," akaniambia, kwa lile jina la heshima tunalowaita akina mama kwa Kikamba, "nimeambiwa ni wewe uliangalia lori. Ni hiyo iliua mtoto wangu?"

"Sijui, baba."

"Ulisoma hii kazi?"

"Nilisoma."

"Na hujui."

"Sijui."

Kisha akasema, "Sasa mimi nimsamehe nani?" Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa, nikalia mbele yake, na yeye ndiye aliyenipa kitambaa.

Korti ilimwachilia Dahir kwa kukosa ushahidi. Kufikia hapo mbuzi wake walikuwa wamekufa au wameuzwa kwa bei ya kutupa, na watu wa Kambu walikuwa wamemhukumu tayari. Malori mengine mawili hayakupatikana. Yangepatikanaje?

Mimi nilikuwa nikikaribia kustaafu Dahir aliporudi kwa ukaguzi wa mwaka. Nililiona lori likiingia nikajua, kabla halijageuka, nitakachokikuta nyuma. Fremu ilikuwepo, taa ilikuwepo, na kibao kilikuwa kimepakwa samadi na udongo kwa ustadi, kama mtu anayekandika nyumba. Nilikagua mengine yote kwanza. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, nilianza na matumbo.

Yote yalikuwa sawa. Nikasimama nyuma ya lori, naye akaja akasimama kando yangu.

"Dahir, hiyo haisomeki."

"Najua."

"Osha."

"Nilifanya vile ulisema, mama. Nikaweka taa, nikaweka fremu. Wale wawili hawakufanya. Leo wao wako wapi? Wako sokoni." Hakupandisha sauti. "Niambie sababu moja tu ya kuosha, na mimi nitaosha sasa hivi."

Wahenga walisema wema hauozi. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini nikawakumbuka mbuzi wake. Nilitafuta sheria, ikaniambia kile kile: kionekane, kisomeke. Nilimfikiria shemasi na lile swali lake. Nikaona kwamba kama Dahir asingesomeka siku ile, yule baba asingekuwa hata na mtu wa kumshuku, na sikujua kama hilo lingekuwa afadhali kwake au baya zaidi. Bado sijui. Nimestaafu, nafuga kuku Kwa Vonza, vijana wa kazi hunipigia simu wakiuliza habari za urefu wa taa na aina ya ribiti, na ninawajibu vizuri. Hili la kwa nini mtu asomeke hakuna kati yao aliyewahi kuniuliza, na ninashukuru.

Sababu aliyoitaka sikuwa nayo. Nilikwenda kwenye tangi la kituo, nikachota maji, nikapiga magoti nyuma ya lori na koti langu la ukuu, nikaosha mwenyewe. Samadi ilikuwa imekauka, nikaikwangua kwa kucha. Herufi zikatoka moja moja. Wenye magari mengine waliokuwa foleni walishuka kunitazama.

Nikampa Dahir stika yake ya ukaguzi. Aliishika bila kuitazama.

"Wewe ndiye umeosha, si mimi," akasema. "Siku moja wakinikamata tena kwa sababu ninasomeka, nitawaambia waje kwako."

"Waje," nikamjibu.

Aliondoa lori, akashika barabara ya Mutomo. Nilisimama langoni nikiisoma ile nambari mpaka macho yakashindwa.