Mbegu za Utupa

Mwaka niliomaliza chuo cha kilimo, serikali ilikuwa imeacha kutupangia kazi. Nilirudi Milanzi kwenye nyumba ya marehemu mama, nikabaki mimi na vichaka vyake vya utupa. Alivipanda kuzunguka viazi ili kufukuza fuko. Vilikuwa vimenipita kimo, vimejaa maua meupe.

Mtu pekee aliyebisha hodi alikuwa mama mmoja wa Kisukuma, aliyehamia na ng'ombe wake ng'ambo ya kijito. Josho la serikali lilikuwa limekauka, na dawa ya dukani kule Majengo haikushikika kwa bei. Basi kila Jumamosi alikuja kuchuma majani ya utupa, akatwange, awaogeshe ng'ombe wake dhidi ya kupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, bwana shamba. Wamekuita kazini?"

"Bado."

"Basi ng'ombe wangu wamekuajiri. Mshahara maziwa."

Alikaa kidogo juu ya kinu kilichofudikizwa, tukazungumza. Kila wiki, tangu Alhamisi nilikuwa napanga nitamwambia nini, kisha akifika nasahau yote.

Jumamosi moja aliomba mbegu, apande zake. Nilimjazia kiganja mbegu kavu. Sikumwambia kwamba ganda lake ni gumu, zinatakiwa kuloweshwa kwanza. Nilijiambia nimesahau. Sikuwa nimesahau. Nilichowaza ni kwamba akiwa na utupa wake, atafuata nini kwangu?

Zikapita Jumamosi tatu.

"Mbegu zako zimegoma," alisema. "Nachunga udongo mtupu. Na majani ya kwako hayatoshi ng'ombe wote; mtamba wangu hainuki tangu juzi, kupe wamemjaa masikioni."

Nilimwomba arudi kesho yake. Alipoondoka tu, nikalowesha mbegu bora nilizokuwa nazo. Alipokuja zilikuwa zimevimba, nikamfungia kwenye kitambaa kibichi.

"Mama, zile za kwanza zilitaka kuloweshwa. Nilijua, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Nilitazama kinu. Nilikuwa nimekipangusa asubuhi hiyo. Majibu niliyoyaandaa yalikuwa mengi, na hakuna hata moja la kumwambia mtu mzima.

"Sijui, mama."

Alipokea kitambaa. "Na hizi?"

"Zisikauke. Zipandwe leo hii."

"Basi sikai," alisema, akashuka kuelekea kijitoni, kitambaa kikimdondokea maji mkononi.