Nyuso Tulizozifunika

Utotoni mwangu, kazi ya kwanza niliyoaminiwa nyumbani ilikuwa kufunika vinyago. Nilikuwa na miaka minane, tunaishi Tabata, chumba na sebule na ua mdogo nyuma. Baba alikuwa mchongaji Mwenge, na kazi zilizobaki kupigwa msasa na rangi ya viatu alizileta nyumbani, zikapangwa uani kando ya ukuta. Vilikuwa vinyago vya mashetani: jicho moja, mdomo umefika sikioni, tumbo limejikunja hadi mgongoni. Sie tulishavizoea. Hata soksi zangu za shule nilikuwa naanika juu ya vichwa vyao.

Mama aliposhika mimba ya mdogo wangu, bibi mzaa baba akaja kutoka Masasi kumwangalia mkwewe. Kabla hajanywa hata maji akatoka uani, akashika kiuno. "Nani kaacha mambo haya wazi na humu ndani kuna mjamzito?" Kwetu kusini wanaamini kwamba mjamzito akikodolea macho kitu cha kutisha, mtoto tumboni anakichukua kilivyo. Bibi akatoa kanga zake nne kuukuu, akanikabidhi. Kila asubuhi baba akishaondoka, nihakikishe kila uso umefunikwa. "Ukizembea wewe, mdogo wako atatoka hivi," akasema, akinionyesha kile chenye mdomo mrefu. Nililiamini neno hilo kuliko nilivyomwamini mwalimu wangu.

Haya bwana. Nyuso za miti tukazifunika. Uso wa baba ukabaki wazi.

Baba wakati ule alikuwa na mwanamke Buguruni, na wala hakuficha. Kila jioni akirudi, kabla hajavua viatu, alianza. Chai ina majani mengi, shati halikunyooshwa, na mwisho wake ulikuwa ule ule: "Ukishajifungua, unarudi Masasi. Watoto wangu unaniachia." Alisema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu.  Mama alikaa kwenye kigoda, mkono juu ya tumbo, akingoja sauti iishe. Akaacha kula, ukiondoa uji. Usingizi nao ukamkimbia. Nilikuwa nikiamka asubuhi namkuta kakaa kitandani vile vile nilivyomwacha. Bibi aliyaona yote haya kwa macho yake mawili huku anachambua mchele. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Vumilia, mkwe wangu. Wanaume ndivyo walivyo. Wewe usiangalie tu vile vinyago."

Basi ikafika Jumamosi moja mchana. Nilitaka kumbeba mgongoni mwanasesere wangu wa matambara, sikuwa na kanga, nikavuta ile iliyokuwa karibu yangu pale ukutani. Nikacheza, nikasahau. Mama akatoka na beseni la vyombo, akasimama. Mbele yake kinyago cha mdomo mrefu, uso wazi. Nikaganda. Yeye akakiangalia, kisha akacheka. Kicheko chake sikuwa nimekisikia miezi mingi. Mama yangu ni binti wa wachongaji, amekulia katikati ya vinyago, mjomba wake ndiye aliyemfundisha baba kushika patasi. Akakipapasa kichwani, akasema, "Na huyu naye kamkasirikia nani?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Akajipiga mapaja. "Umekwisha, mkwe wangu. Mtoto keshamwona."

Hakuna aliyeuliza nani kavuta kanga. Mama alijua, maana nilikuwa nayo mgongoni. Jioni baba alipoambiwa, akapata jambo jipya la kusema, na mama akalipokea peke yake. Alinitazama mara moja tu, akatikisa kichwa kidogo, kwamba ninyamaze. Nikanyamaza. Nilinyamaza miaka ishirini na zaidi.

Hamisi alizaliwa mzima, vidole vyote, sura nzuri kuliko yangu. Kwa miezi kadhaa bibi akakosa la kusema. Lakini alikuwa mtoto wa kushtuka. Mfuniko wa sufuria ukianguka, analia mpaka anaishiwa pumzi. Alishatimiza miaka minne ndipo aliposema neno la kueleweka. Shuleni hakutulia, herufi alizojifunza Jumatatu, Jumatano hana habari nazo. Bibi akawa na ushindi wake: si niliwaambia? Mtaani wakambatiza Kinyago, na kwenye shughuli za kina mama, mama yangu akawa "yule aliyeangalia". Baba hakumrudisha Masasi, kwa sababu yule wa Buguruni alimchoka akaenda kuolewa kwingine. Baba akabaki nyumbani, na kila Hamisi aliporudia darasa, alimgeukia mama akasema, "Macho yako hayo." Nimekua na neno hilo na bado linanichoma.

Na mie nilijua nani alivuta kanga. Nilikaa na Hamisi kila siku baada ya shule, miaka miwili, mpaka akaweza kuandika jina lake. Watu walinisifu kwamba nina moyo. Haukuwa moyo, ilikuwa hofu.

Mwaka huu nami nikashika mimba, ya kwanza. Kliniki, huku Kinondoni ninakoishi, nesi mmoja mtu mzima alinipima presha, akaniuliza, "Unalala vizuri, mwanangu? Nyumbani kuna amani?" Nikamuuliza hayo yanahusu nini. Akavua miwani, akanieleza bila haraka. Mama akiishi na hofu siku nenda siku rudi, mwili wake unamwaga homoni za hofu kwenye damu, na nyingine zinamfikia mtoto, wakati ambapo ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Wapo wanaozaliwa wepesi wa kushtuka, wazito wa kutulia na kujifunza. "Si wote, na kwa mtoto mmoja huwezi kusema sababu ni hiyo tu," akasema. "Lakini tunauliza. Na tunapenda waume zenu nao waje wasikie."

Nikamuuliza na habari ya vinyago. Akacheka mpaka akashika meza. Mie nikalia pale pale kwenye kiti, na foleni yote inanitazama kwa mlango uliokuwa wazi.

Jumapili nikaenda Tabata. Baba sasa ni mzee, mikono inamtetemeka, patasi kaacha. Nikamkalisha yeye na mama, nikakiri habari ya kanga, kisha nikaeleza maneno ya nesi yote kama yalivyo, huku nikimwangalia mama. Nilitaka kumwona anatua mzigo. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Nilijua mie," akasema. "Mama yako tangu zamani ana mawazo sana."

"Alikuwa anawaza nini, baba?"

"Nitajuaje? Mambo ya wanawake hayo."

"Alikuwa anakuwaza wewe. Kila siku ulimwambia utamfukuza umnyang'anye watoto. Nilikuwepo, nilisikia."

Akapandisha sauti, kwamba kumbe alinisomesha nije kumtukana. Hamisi, mwanamume wa miaka ishirini na tatu, alikuwa mlangoni anapiga msasa kinyago cha watu. Akakiacha kikaanguka, akaziba masikio, akatoka nje. Baba hata hakugeuka kumtazama.

Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anaosha vikombe vilivyokuwa safi. Nikamwomba radhi kwa ile kanga, akasema alinisamehe siku ile ile.

"Ila hili la leo, mwanangu, ungeliacha huko huko hospitali," akasema. "La kinyago nililibeba huku nalicheka moyoni, maana nilijua si kweli. Hili la mawazo ni kweli. Na umeona mwenyewe, baba yako kanitwisha mie."

 Nilidhani nampelekea mama nafuu, kumbe nimempelekea baba neno jipya la kumsimangia, tena neno la kitaalamu. Bibi alifariki akilaumu macho ya mama. Baba atakufa akilaumu mawazo yake. Na mwenye zile kelele hajawahi kuulizwa chochote, isipokuwa na mie, siku ile moja.

Mwezi ujao najifungua. Majirani, mawifi, mama mkwe, kila mwenye nia njema ananiambia jambo moja: usiwe na mawazo. Nawaitikia kwa adabu, nawashukuru. Lakini wiki iliyopita nilimpeleka mume wangu kwa yule nesi, nikamkalisha kwenye kile kiti, na mie nikatoka nje nikafunga mlango. Maneno yale yalimhusu yeye, si mie.