Siku Niliyomhamishia Shangazi Msituni

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Kigwa, maana huko bado inachekwa. Mimi nakaa Ng'ambo, hapa Tabora, fundi makochi, na jioni najitolea na wenzangu kuchora ile ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaruhusiwa kuichangia: unaangalia picha iliyopigwa kutoka angani, unazungushia eneo mstari, unaandika hili shamba, hili makazi, hili msitu. Basi nikawa nachora upande wa kijiji cha Kigwa, nikaona doa la kijani kibichi limekolea, hakuna bati wala njia, na (uvivu jamani) badala ya kupiga simu kuuliza nikaandika msitu, nikaenda kula.

Baadaye tukaitwa kijijini kuonyesha kazi yetu, ramani ikamulikwa ukutani darasani, watu wamejaa, na mbele kabisa kakaa shangazi Mwajuma, aliyenilea, kavaa kanga mpya, kaja na majirani zake waione nyumba yake.

"Iko wapi, baba?" akaniuliza.

Nikaanza kutafuta, reli ile pale, kisima kile pale, nyuma ya kisima pameandikwa msitu. Mzee mmoja akasimama, "Kwa hiyo hapo ni hifadhi? Tutahamishwa?" Minong'ono ikaanza, jasho likanitoka, nikasema narekebisha sasa hivi, nikafungua orodha ya maneno, kwa haraka nikabonyeza la chini yake, na kwa shangazi yangu, mbele ya kijiji kizima, pakaandikwa makaburi.

Shangazi akasema taratibu, "Haya, na mazishi tayari," darasa likaangua kicheko, nami nikainamia kompyuta kama naitafutia ugonjwa.

Mkutano ulipoisha akanishika mkono tukaenda kwake. Sikuwa nimefika miaka mingi, tangu tumzike mumewe (naona haya hata kulisema), na nyumba niliyoiacha peupe sasa miembe na mikorosho imeifunika yote.

"Mjomba wako alipoondoka nyumba ilikuwa kubwa mno," akasema. "Nikikukumbuka, napanda mche."

Nikaanza kuihesabu ile miti, nikaishia njiani.

Tulikaa barazani nikaichora nyumba upya, yeye akinionyesha jiko na banda la kuku. Siku hizi siandiki msitu mahali ambapo sijapiga hodi, na Kigwa naenda hata kama hakuna cha kuchora.